Makala za Kiswahili haziwekwi mbele mpaka ujuane na mpendekezaji. Hivi kuna mtu anayezisoma kweli?

Wakuu, habari za muda huu.

Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa "njia za kupata pesa mtandaoni". Sijaja kuuliza njia. Nimekuja kulalamika, nimekasirika, na pale lugha itakapokuwa kali mnivumilie.

Wengi humu tunaandika kwenye haya majukwaa ya nje. Unafungua akaunti bure, unaweka makala, msomaji aliyelipia uanachama akikusoma na wewe unapata chako. La kwangu silitaji kwa sababu bado nina salio huko sijalitoa. Wanaoandika huko wameshalijua.

Kwa asiyefahamu mchezo: kubonyeza "chapisha" si kuchapishwa. Makala ikitoka inaonwa na wafuasi wako na wale uliowarushia linki kwenye magrupu ya WhatsApp, basi. Ili ifike kwa watu wasiokujua lazima ichaguliwe. Ikichaguliwa inakaa ukurasa wa mbele, inaingia kwenye barua pepe za asubuhi, inasukumwa kwa wasomaji wa mada hiyo hata kama hawajawahi kusikia jina lako. Isipochaguliwa inakufa kimya kimya, na malipo yake hayafiki hata bei ya bando ulilotumia kuipakia. Kwa hiyo huyo anayechagua ndiye ameshika roho yako.

Mfumo wenyewe si siri. Medium, jukwaa la makala la Marekani walioipa biashara hii jina, wameuandika hadharani. Ilianzishwa 2012 na Evan Williams, yule yule wa Blogger na baadaye Twitter. 2017 wakaanza kulipa waandishi kwa kuangalia makofi ya wasomaji (kile kitufe unachobonyeza ukiipenda makala), 2019 wakahamia kwenye muda ambao mwanachama ametumia kusoma, na 2023 wakaleta kitu wanachokiita Boost: wahariri wa machapisho ya humo ndani wanapendekeza makala, halafu watu wa Medium wenyewe, binadamu, wanasoma na kuamua. Wameeleza na wanachokitafuta. Mwandishi awe analijua jambo analoliandika, awe na lake la kusema, na kazi iwe imepigwa msasa. Mei 2024 wakaziondoa kwenye malipo makala zilizoandikwa na akili mnemba. Watu wanawalaumu kwa mengi na wana haki, ila angalau unajua unapimwa kwa kipimo gani.

Jukwaa langu limenakili kila kitu hapo isipokuwa binadamu anayesoma.

Ngoja niwape mfano mmoja, maana bila mfano mtasema natoa povu tu.

Niliandika makala kuhusu akina mama wa mwani, upande wa Paje na Jambiani kule Unguja. Sikukaa chumbani nikagugo. Niliingia nao baharini wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka mbali na vigingi vyote viko wazi, nikashika kwa mkono wangu mwani uliogeuka mweupe na kulainika, ule ambao ukiugusa tu unakatika. Kilimo hiki kilianza kibiashara huko mwaka 1989 na kimebebwa na wanawake tangu siku hiyo. Mwani wenye bei ni cottonii, na ndio huo huo usiostahimili joto. Maji ya kina kifupi yamezidi kupata moto, cottonii inaoza kambani, akina mama wamebaki na spinosum ambayo bei yake ni ya kusikitisha. Ukitaka kuifuata cottonii inabidi usogee kwenye kina kirefu, na huko panahitajika chombo na kujua kuogelea. Mama mmoja aliniambia ana miaka zaidi ya ishirini kwenye bahari ile na hajawahi kwenda pale ambapo miguu haigusi mchanga. Hilo ndilo nililiandika. Kwamba bahari imewafukuza pale walipozoea na haijawafundisha kuogelea.

Nikaipeleka ipitiwe. Sasa sikilizeni. Jukwaa lenyewe, kwa hesabu yake lenyewe, linaandika juu ya kila makala muda wa kuisoma. Yangu iliandikwa dakika 11. Jibu la kukataliwa liliingia kabla dakika 4 hazijaisha. Na sababu? "Makala yako haijaonyesha uzoefu binafsi wa mwandishi."

Uzoefu binafsi! Suruali ilikuwa bado ina chumvi.

Kama makala inasomwa dakika 11 na jibu limekuja ndani ya dakika 4, huyo msomaji alisoma nini? Hata mwanafunzi anayekariri usiku wa kuamkia mtihani hana spidi hiyo.

Wiki hiyo hiyo nikafungua ukurasa wa mbele kuona waliopita. Ya kwanza juu kabisa: "Mambo 7 wanayofanya matajiri kabla jua halijachomoza". Nikasema sawa, labda ndani kuna kitu. Jambo la kwanza kabisa, nanukuu nilivyoikuta: "Amka saa 5 asubuhi kabla familia yako haijaamka." Wakuu, saa tano asubuhi! Saa tano asubuhi jua liko utosini, watoto wameshaenda shule, mama ntilie ameshamaliza chapati na anaanza kukatakata vitunguu vya mchana. Jambo la nne linakushauri uweke asilimia 10 ya mshahara wako kwenye 401(k). Huo ni mpango wa pensheni wa wafanyakazi wa Marekani. Mimi najua NSSF na PSSSF. Msomaji wa Tandahimba anayeuza korosho zake kwa stakabadhi ghalani hiyo 401(k) anaifungulia dirisha gani?

Maana yake iko wazi. Makala ile ilichotwa kwa Wazungu ikapitishwa kwenye mashine ikatemwa kwa Kiswahili. Aliyejiita mwandishi hakuisoma. Aliyeipendekeza hakuisoma. Aliyeiweka mbele hakuisoma. Lakini hiyo ndiyo iliyokidhi vigezo vya ubora, na ya kwangu ndiyo isiyo na uzoefu binafsi.

Na naweka wazi kwamba sina ugomvi na makala za maisha na mafanikio. Watu wanazipenda, waandikiwe. Ila ziandikwe na mtu anayeamka hapa hapa kwetu, anayejua daladala ya kwanza inapita saa ngapi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nikaandika kwa Kiswahili kwa makusudi, maana wamejitangaza kwamba wanapokea Kiswahili. Likaja jibu la Kiingereza, la adabu sana, wananishukuru kwa moyo wangu wa kuandika, wanaomba radhi kwamba kwa sasa hawana mtumishi wa kujibu kwa Kiswahili na kama nitaweza nirudie kwa Kiingereza.

Nikaisoma mara mbili. Kama hamna hata mtu mmoja wa kusoma malalamiko yangu ya aya tatu, nani huko anayesoma makala zetu na kusema hii ni bora na hii si bora? Hilo swali niliwauliza, kwa Kiingereza safari hii. Mpaka naandika hapa, kimya.

Hawa ndio wale ambao kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, wanabadilisha picha yao wanaweka khanga na neno "Karibuni", wanaandika kwamba lugha hii ina wasemaji zaidi ya milioni 200 na wao wanaithamini. Tarehe 8 picha inarudi ya zamani. Milioni 200 hamjapata mmoja wa kumwajiri?

Sasa kuna hili la pili ambalo ndilo lililonileta hapa hasa, la kwanza ningeweza kulimeza. Kwa kuwa wenyewe hawasomi, wameteua watu wetu wachache, wanaitwa wapendekezaji. Makala ikipitia kwao inakwenda moja kwa moja kwenye foleni ya kupandishwa, na nijuavyo huwa hairudi. Wazo si baya. Mtu wa hapa, anajua lugha, anasoma, anapendekeza. Ndivyo ingepaswa kuwa.

Nikamtafuta mmoja wao. Nikamtumia ile ile ya mwani. Akanijibu baada ya siku kadhaa: "Kaka kazi nzuri sana hii, hongera. Ila foleni yangu ndefu. Wenzako huwa wanaweka elfu ishirini ya bando inasogea." Akaweka na namba ya kutumia, jina likitokea lisinishtue, ni la mke wake.

Elfu ishirini ya bando, wakuu. Na hakuona aibu hata ya kuzungukazunguka, aliandika kama anavyokutajia nauli konda wa Mbagala. Nikauliza, hivi ukiipenda makala hulazimiki kuipendekeza? Akanitumia kiemoji cha kucheka.

Sikutuma. Baada ya hapo nikaanza kufuatilia makala zinazopitia kwake, na nawaomba mfanye hivyo hivyo na huyo wa kwenu. Majina ni yale yale yanazunguka. Leo huyu, kesho yule, keshokutwa anarudi huyu. Wanapigiana makofi, wanaandikiana "nondo hizi" kwenye maoni, na ukisoma kilichoandikwa hakuna nondo wala waya. Yule wa saa tano asubuhi yumo kwenye kundi hilo, na amepandishwa tena juzi. Safari hii anatufundisha kunywa glasi ya maji ya ndimu na "kuandika shukrani tatu kwenye jarida lako". Jarida gani? Anamaanisha daftari, masikini.

Najua majibu yatakayokuja, nayajibu mapema tusipoteze bando.

"Andika Kiingereza." Naweza. Nimeshaandika. Lakini wale akina mama wa Jambiani walioniambia habari zao hawatazisoma, na watoto wao wenye simu wangependa kumsomea mama yao alichosema. Mimi naandika kwa ajili ya huyo.

"Fungua blogu yako." Wageni wa mtandao ndio huwa wanasema hivi. Wa zamani mnakumbuka zile Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 za hapa Tanzania: ombi laki moja, leseni milioni moja, ada ya mwaka milioni nyingine. Milioni 2.1 kwa blogu ya mtu mmoja anayeandika habari za mwani! Hata JamiiForums ilizimwa kwa muda Juni mwaka huo. Baadaye ada zikapunguzwa, sawa, lakini blogu nyingi zilishafungwa na wenyewe hawakurudi. Ndipo wengi tukakimbilia kwenye majukwaa ya nje tukijua huko hakuna leseni. Kweli leseni hakuna. Kuna mpendekezaji.

"Usiandikie kupandishwa, andika kwa mapenzi." Huyu atakuwa na mshahara. Nauli ya boti kwenda Unguja hailipwi kwa mapenzi.

Ninachotaka si kikubwa. Makala ikikataliwa, niambiwe aliyeikataa aliisoma kwa Kiswahili, na anitajie aya moja tu iliyomkwaza. Aya moja. Mhariri wa gazeti la zamani alikuwa anakurudishia karatasi imejaa wino mwekundu na matusi pembeni, unaumia, lakini unajua ameisoma mpaka nukta ya mwisho. Na orodha ya wapendekezaji iwekwe wazi, kila mmoja na makala alizopendekeza mwezi mzima, tuone nani anambeba nani. Hayo hayahitaji mtambo mpya.

Ujumbe wa huyo mheshimiwa wa elfu ishirini ninao wote, pamoja na namba na jina lililotokea. Siuweki hapa kwa sababu sheria za jukwaa hili haziruhusu na mke wake hana kosa. Lakini kama kuna mwingine humu aliombwa "bando", na najua mpo, njooni PM tuunganishe skrinishoti zetu. Mmoja akilalamika watasema ana chuki binafsi. Tukiwa kumi itabidi watafute mtu wa kuzisoma, na safari hii ajue Kiswahili.

Na wewe uliyewahi kupandishwa bila kutoa shilingi na bila kumjua mtu, njoo useme hapa chini makala yako ilihusu nini. Sikutanii, nataka kujua kama mpo.

Nawasilisha.