Maji ya kuoga Mafinga: paneli za mtumba, sola ya mirija, au nichomeke TANESCO?

Baba_Watatu_Mafinga

Wakuu, habari za jioni. Naomba uzoefu.

Niko Mafinga, mkoani Iringa, nyumba ya watu sita. Anayeijua Mafinga ya mwezi wa sita anajua maji ya bomba alfajiri yanavyouma vidole. Juzi niliyapima: nyuzi 14. Kwa sasa tunachemsha nje kwa mabanzi, sufuria moja kubwa, na mke wangu kashasema mwaka huu ndio wa mwisho kwake kuamka saa kumi kupuliza moto ili watoto waoge waende shule.

Ninapima njia tatu. Kuna jamaa anauza paneli za mtumba za wati 250, kutoka Ulaya, Sh 85,000 kila moja. Fundi anasema nikichukua nne, akaziunga moja kwa moja kwenye boila la umeme la lita 80, kazi imeisha, maji ya moto bure. Njia ya pili ni ile sola ya mirija ya vioo yenye tenki juu ya bati, lita 150, nimetajiwa Sh milioni 1.6 pamoja na kufunga. Ya tatu ni kuchukua boila hilohilo nikachomeka TANESCO, nikamalizana nalo.

Ingekuwa wewe, ungefanyaje?

Uniti_Moja

Mkuu, kabla ya kuchagua chombo, jua unahitaji moto kiasi gani. Lita 80 kutoka nyuzi 14 hadi 50 zinakula kama uniti 3.4. Kwa mwezi ni uniti 100 hivi.

Kwa T1, tarifa ya kawaida ya majumbani, uniti ni Sh 292 kabla ya kodi na makato, kwa hiyo weka elfu 36 kwa mwezi. Lakini kama uko D1, tarifa ya watumiaji wadogo, ile ya Sh 100, angalia sana. D1 ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Boila peke yake linakupitisha hapo, hujawasha hata taa. Watu wengi hapa wameingia kwenye tarifa ya juu kwa sababu ya hita ya kuogea halafu wanalaumu mita.

Na lita 80 zinawatosha? Ndoo ya lita 20 ya maji ya nyuzi 40 unaipata kwa lita 14 na kidogo za moto, zilizobaki za baridi. Watu sita ni lita 86 au 87. Ila watoto hawajazi ndoo, kwa hiyo mtapona.

FundiDC

Huyo fundi wako aliyesema "moja kwa moja" usimruhusu apande juu ya bati lako kwanza.

Nitakwambia yaliyonikuta mwaka ule nilioanza kazi hizi. Niliunga paneli nne sirizi (mfululizo, volti zinajumlishana) kwa mteja, nikapeleka kwenye boila la kawaida, nikapitisha kwenye themostati yake ya kiwandani, ile swichi inayokata umeme maji yakishapata moto. Siku mbili raha tupu. Siku ya tatu mama mwenye nyumba ananipigia, boila linanguruma kama gari linapanda mlima. Nikafika, vali ya presha inafoka mvuke. Nikafungua kifuniko: vidole vya themostati vimeyeyuka vikashikana, vyeusi tii. Yaani maji yalishafika moto wake, themostati ikataka kukata, ikashindwa.

Sababu yake ni hii. Umeme wa TANESCO (AC) unapita sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo swichi ikiachana, cheche inajizima yenyewe. Umeme wa paneli (DC) haupiti sifuri. Swichi ikiachana, cheche inabaki inawaka katikati kama ya kuchomelea, mpaka chuma kinayeyuka. Themostati iliyoandikwa ampea 16 kwa 250V AC haina maana yoyote kwenye DC ya volti 120. Kama ile vali ingekuwa imeziba kutu siku ile, leo nisingekuwa naandika hapa kwa utulivu huu.

Kwa hiyo themostati ibebe umeme mdogo tu wa kuamuru kontakta ya DC, yaani swichi kubwa, iliyotengenezwa kukata DC ya volti 200 au zaidi, maana paneli nne sirizi zikiwa wazi, hazijaunganishwa na kitu, zinaweza kupita 150 asubuhi ya baridi. Au nunua kile kisanduku cha kuendesha hita kwa sola, kinachokatakata DC ikageuka mawimbi ya AC. Hapo themostati ya kiwandani inafanya kazi, na kisanduku chenyewe kinatafuta mahali paneli zinapotoa nguvu nyingi. Mimi siku hizi nafunga kisanduku, sina moyo wa majaribio tena.

Usikubali pia kuunga paraleli (sambamba, ampea ndizo zinajumlishana) eti ni salama kwa sababu ni volti 30. Ukiunga nne paraleli unabeba ampea 33. Waya wa milimita 4, mita 15 kwenda na 15 kurudi, unakula volti nne na nusu kati ya 30. Sirizi ni ampea 8, unapoteza kama volti moja kati ya 120. Ila volti 120 za DC zinaua. Fundi afunike paneli kwa turubai akiwa anaunga.

Wanjiku_Limuru

Hujambo kaka wa Mafinga. Sisi huku Limuru, Kenya, baridi tunaijua, na ukungu pia.

Mimi niko na ile ya mirija tangu 2014. Wakati huo kila mtu alikuwa anazungumzia zile kanuni za 2012 zilizotaka nyumba inayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku iwekwe sola ya maji, na fundi wa mifereji akaniambia nisingoje kusukumwa. Sijajuta. Siku ya mawingu bado napata maji vuguvugu, siku ya jua yanachoma. Hakuna waya, hakuna swichi.

Lakini wauzaji hawakuambii kitu kimoja. Mwaka wa pili maji ya kaunti yalikatika siku tatu, tenki ikakauka, mirija ikabaki mitupu juani. Siku ya nne maji yakarudi saa saba mchana. Nilisikia "pa! pa!" nikadhani ni watoto wanarusha mawe kwenye mabati. Mirija minne ilipasuka, maji baridi yaliingia kwenye kioo kilichokuwa moto kama jiko. Tangu siku hiyo maji yakikatika nafunga koki ya kwenda juu, naifungua usiku.

Kwa hivyo nikuulize: maji yenu ni ya mgao?

Baba_Watatu_Mafinga

Dada Wanjiku, ni ya mgao, tena bila ratiba. Simtanki yangu iko kwenye mnara wa mita tatu, na bati la nyumba liko juu kuliko hapo. Kwa hiyo hiyo ya mirija ingenilazimu kuinua simtanki kwanza. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu.

Mlugha_wa_Köln

Naishi Ujerumani, kazi yangu ni kufunga sola, kwa hiyo niseme zinakotoka nyingi za mtumba. Sheria ya huku ya mwaka 2000 iliwahakikishia wenye paneli bei nzuri ya umeme kwa miaka 20. Kuanzia mwisho wa 2020 za kwanza zikaanza kutoka kwenye mkataba. Wengine wanashusha za zamani na kupandisha mpya zenye nguvu maradufu bati lilelile. Zilizoshushwa nyingi ni nzima kabisa. Nyingine zimeshushwa kwa sababu ni mbovu, na kwenye kontena zinapakiwa pamoja.

Sasa piga hesabu ya bei. Paneli ya wati 250 iliyozeeka chukulia imebaki na wati 210. Kwa 85,000 ni kama Sh 400 kwa wati. Ulizia paneli mpya kubwa za wati 550 ulinganishe kwa wati, wala usitazame bei ya kipande. Unaweza kukuta tofauti ni ndogo, na mpya ina waranti.

Halafu ukitafuta video za Wazungu wote watakwambia elekeza kusini. Hiyo ni ya kwetu huku. Wewe uko kusini ya ikweta na baridi yako ni Juni, jua liko kaskazini. Elekeza kaskazini, inua nyuzi 15 hadi 20.

Mufindi_Mwenyewe

Kamwene! Mnamkimbiza huyu bwana kwenye mambo ya vioo na kontakta wakati yuko Mafinga, mabanzi yanarundikana nje ya kila kiwanda cha mbao. Jenga jiko la tofali, pachika pipa la chuma lenye bomba la kutolea mvuke, asubuhi unasukuma mabanzi manne. Mimi ndivyo nilivyo, na ninaoga maji ya moto kuliko nyie wote.

Baba_Watatu_Mafinga

Kamwene sana. Nani anaamka saa kumi kuyasukuma?

Mufindi_Mwenyewe

Hapo umenishika.

Uniti_Moja

FundiDC, swali. Asiyeweza kununua kisanduku leo, akaweka kontakta tu, achague koili (ile hita ya ndani ya boila) ya wati ngapi? Wengi wanakimbilia 3000.

FundiDC

Swali zuri. Kwa Mafinga ningeweka ya 2000. Koili ya 3000 ina omu 17.6, ya 2000 ina 26.5. Jua la utosi, kwa paneli nne hizo, ya 3000 inakupa kama wati 800, ya 2000 kama 600 au 700. Unaona ya 3000 imeshinda. Lakini jua likipungua nusu, ampea ambazo paneli zinaweza kutoa zinapungua nusu, na koili yenye omu ndogo ndiyo inaumia zaidi. Ya 3000 inabaki na wati 300, ya 2000 inakupa karibu 440. Nyie ukungu haujaondoka mpaka saa nne asubuhi, na jioni mawingu yanarudi. Tegemea uniti tatu kwa siku nzuri, siku mbaya uniti moja. Kwa hiyo acha pia njia ya kuchomeka TANESCO, na swichi ya kuchagua upande, zisikutane kamwe.

Kabla hujalipa, nenda na mita saa sita mchana. Paneli isiyo mbovu ikiwa juani, wazi, ikupe volti 34 au 35. Ukikuta 23 au 24, daiodi moja ya kwenye kisanduku cha nyuma imekufa, theluthi ya paneli imelala. Kisha pima ampea ukigusanisha ncha zake mbili kupitia mita, zipite 7. Geuza utazame mgongo: ukiwa na malengelenge au doa la kuungua, achana nayo.

Baba_Watatu_Mafinga

Mrejesho. Nimeenda leo na mita ya kuazima. Muuzaji alicheka kwanza, akasema hizi zote zinawaka. Nikapima tisa. Tano zilitoa 34 na kitu. Tatu zilikuwa 23 na pointi, kama alivyosema FundiDC, nikamwonyesha namba na kicheko kikaisha. Moja ilikuwa na volti nzuri lakini ampea tatu tu, na mgongoni ina alama ya kahawia ya ukubwa wa sarafu.

Kwenye zile tano nilichukua nne, Sh 70,000 kila moja. Mirija nimeiacha kwa sababu ya mgao na simtanki. Kisanduku nimeagiza Dar, kitakuja kwa basi. Mpaka kifike, hakuna kinachoungwa, fundi wangu amenuna.

Boila liko sebuleni ndani ya boksi lake. Mke wangu ameshalitandikia kitambaa.