Calanques za Marseille mwezi Julai: En-Vau au Sugiton, kwa asiyeogelea vizuri?

Mkaazi_wa_Lyon

Habari za jioni wakuu. Wiki ya pili ya Julai napokea wadogo zangu wawili kutoka Tanga. Tumepanga siku moja ya kutembea hadi kwenye mojawapo ya calanques, zile ghuba nyembamba kati ya majabali meupe baina ya Marseille na Cassis. Tunasita kati ya En-Vau na Sugiton. Gari hatuna, tutalala Marseille. Mdogo mmoja anaogelea vizuri, wa pili anamudu maji ya kifuani tu. Njia ipi inatufaa? Maji ya kunywa kiasi gani, viatu gani, na bahari ya huku ina hatari gani ambayo mtu wa pwani yetu hataitarajia?

Jabali_Jeupe

Wakaribishe sana. Kabla ya kuchagua ghuba, kuna mambo mawili yanayoweza kuwafungia njia.

La kwanza ni moto. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba, ruhusa ya kuingia kwenye milima ile hutolewa siku kwa siku, kufuatana na ukavu na upepo. Jioni angalieni hali ya kesho kwenye programu ya simu ya Mes Calanques. Ikiwa nyekundu, msiende, hata kama asubuhi mbingu ni safi na hakuna jani linalotikisika. Kwa hiyo tengeni siku mbili, si moja. Sigara na jiko la gesi ni marufuku kabisa.

La pili linahusu Sugiton. Tangu 2022, siku za kilele cha kiangazi huingia watu 400 tu kwa siku, na lazima uwe umeweka nafasi mtandaoni. Ni bure. Unapewa msimbo wa QR na walinzi wanaukagua njiani. Asiye nao hutozwa faini ya euro 68. Msiione kuwa ni usumbufu. Zamani walishuka zaidi ya elfu moja kwa siku, udongo ukakanyagwa ukamomonyoka, mizizi ya misonobari ikabaki wazi na miche mipya ikashindwa kuota. Mlima ule unahitaji kupumzishwa.

Njia ya Sugiton: basi B1 kutoka Castellane, mjini Marseille, hadi mwisho, Luminy. Mnapita msituni kwa njia pana mpaka kwenye shingo ya mlima, kisha mnateremka. Jumla kama saa moja. Kipande cha mwisho ni mawe, mikono itatumika. Sehemu ya jirani iitwayo Pierres Tombées imefungwa kwa sababu majabali huporomoka. Msiende huko hata mkiwaona wengine.

En-Vau ni mbali zaidi. Treni hadi Cassis, na kituo chenyewe kiko kama kilomita 3 kutoka mjini, kwa hiyo pandeni basi. Kutoka bandarini mnapita Port-Miou, ghuba ndefu iliyojaa mashua, halafu Port-Pin, kisha mnapanda uwanda na kuteremka korongo lenye mwinuko mkali. Hesabuni saa mbili kwenda, na zaidi kurudi, maana ule mteremko ndio mtakaoupanda jua likiwa limechoma mawe mchana kutwa. Fuateni alama za rangi nyeupe na nyekundu. Rangi hizohizo zikichorwa kwa umbo la msalaba, mmekosea njia: rudini.

Upepo_wa_Kusi

Naongeza kuhusu bahari, kwa sababu hapa ndipo watu wetu hudanganyika.

Kupwa na kujaa huku ni kidogo sana, kwa hiyo hakuna haja ya kupanga safari kwa kuangalia mwezi angani kama Tanga. Kinachotawala ni upepo. Mistral huvuma kutoka kaskazini-magharibi, yaani unatoka nchi kavu. Husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea baharini, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Jana nyuzi 24, leo 15 au 16, na jua ni lilelile. Mtu aliyezoea Bahari ya Hindi akijirusha humo pumzi inakatika na misuli inakaza. Aingie taratibu, alowanishe kwanza shingo na kifua.

Hatari ya pili ya upepo huohuo: ndani ya ghuba maji hutulia kabisa, halafu ukitoka mdomoni mwake unasukumwa nje. Boya la kupuliza ni baya zaidi, linashika upepo. Asiyejua kuogelea asipewe boya la namna hiyo, avae jaketi la kuokolea lenye saizi yake. Upepo wa kusini-mashariki nao ni kinyume: huingiza mawimbi ghubani na kukupiga majabalini wakati wa kutoka.

Chunguzeni yavuyavu wadogo wa rangi ya zambarau kabla ya kuingia. Wakimchoma mtu, suuzeni kwa maji ya bahari. Msisugue na msitumie maji ya kunywa.

Kwa huyo wa maji ya kifuani, nashauri Port-Pin. Ufuko wake mdogo unateremka polepole na misonobari inatoa kivuli. Anayeogelea vizuri ataridhika pia, na mtakuwa mmepunguza kipande kigumu kuliko vyote.

Soli_ya_Mpira

Naunga mkono Port-Pin. Sasa viatu. Mawe yale ni ya chokaa, na panapopita watu wengi yamesuguliwa hadi yanang'aa. Huteleza kama sabuni hata yakiwa makavu. Ndala zibaki kwenye mkoba. Vaeni viatu vilivyofungwa vyenye soli laini ya mpira yenye meno. Soli ngumu iliyozeeka haishiki. Kabla ya kupanda kurudi, futeni miguu ikauke na kung'uteni changarawe kwenye soli.

Maji: bomba hakuna, kisima hakuna, duka hakuna. Lita 3 kwa kila mtu, si 2. Moja igandisheni usiku, lakini jazeni robo tatu tu, barafu hupasua chupa. Lita ya mwisho isiguswe hadi mnapoanza kurudi. Wekeni na pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji.

Ondokeni saa moja asubuhi, mrudi kabla ya saa sita au baada ya saa kumi na moja.

Mkaazi_wa_Lyon

Nashukuru sana wote. Basi ni Port-Pin, na jaketi nitanunua mapema. Ikiwa siku zote mbili ni nyekundu, tufanye nini?

Upepo_wa_Kusi

Bakini Marseille, mwende ufuko wa Prophète kwa basi 83. Ni mchanga, maji ni mafupi hadi mbali kiasi, yanafaa kwa mdogo wako. Fikeni mapema, ni mdogo na hujaa. Bendera ikiwa nyekundu, msiingie majini.