Cheo cha Marqués de Comillas kimejengwa kwa pesa za watumwa. Kwa nini Hispania haijakifuta mpaka leo?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimechoshwa na simulizi ya "kijana maskini aliyevuka bahari akarudi tajiri" kila anapotajwa Antonio López y López, mfanyabiashara wa Hispania wa karne ya 19 na Marqués de Comillas wa kwanza (marqués ni cheo cha kikabaila). Juzi nimesoma tena maelezo ya watembeza watalii: meli, benki, tumbaku ya Ufilipino, kasri la Sobrellano. Cuba imepewa mstari mmoja. Watumwa hawamo kabisa.

Haya, tuyaseme. Alizaliwa Comillas, Hispania, mwaka 1817, akaenda Cuba, wakati huo koloni la Hispania, angali kijana, akafanya biashara Santiago. Huko alinunua na kuuza watu. Si uzushi, mikataba imo kwenye nyaraka za manotari (maofisa wa kuthibitisha mikataba) na mwanahistoria Martín Rodrigo y Alharilla ameipekua. Hata shemeji yake, Francisco Bru, alichapisha kitabu mwaka 1885 akimtuhumu kwa biashara hiyo hiyo. Mtaniambia shemeji alikuwa na kinyongo. Sawa, alikuwa nacho. Notari naye alikuwa na kinyongo gani?

Hati za mauzo kule Cuba zilikuwa hivi: jina la Kikristo alilobandikwa mtu, umri, "taifa" lake (yaani asili yake Afrika), bei kwa peso, na kama ana ugonjwa. Kwenye taifa waliandika Congo, Lucumí, Carabalí, na wengine Macuá. Hao ni Wamakua, waliosombwa pwani ya Msumbiji. Ndugu zao wako Masasi mpaka leo. Asije mtu hapa kuniambia haya ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu.

Pesa ile ikawa meli. Meli zikapata mkataba wa kubeba barua za serikali mwaka 1861, baadaye zikabeba askari wa kwenda kuzima uasi wa Cuba ulioanza 1868. Mwaka 1878 mfalme Alfonso XII akampa cheo cha kurithiwa, na 1881 akamwongezea Grandeza de España, daraja la juu kabisa. Utumwa Cuba ulifutwa 1886! Yaani alivishwa heshima wakati watu bado wanamilikiwa.

López alipokufa 1883 cheo kikaenda kwa mwanawe Claudio, kisha 1925 kwa ukoo wa Güell, upande wa binti wa López. Jamhuri ya Hispania ya 1931 ilifuta vyeo vyote hivi, dikteta Franco akavirudisha kwa sheria ya 1948.

Na hapa ndipo ninapochemka. Machi 2018 Barcelona iliishusha sanamu yake. Oktoba 2022 sheria ya kumbukumbu ya kidemokrasia ikafuta vyeo 33 vilivyofungamana na vita ya wenyewe kwa wenyewe na udikteta, kikiwemo kile cha ukoo wa Franco. Vyeo 33 kwa sheria moja! Kumbe inawezekana. Comillas hakikuguswa.

Msiniletee habari ya wajukuu wasio na hatia. Sijadai nyumba wala shamba la mtu. Mwenye cheo akifa, mrithi huomba, wizara ya sheria inatoa hati mpya kwa jina la mfalme, na tangazo linatoka kwenye gazeti la serikali. Kwa hiyo taifa linaitoa heshima hiyo upya kila kizazi, kwa hiari yake, likijua imetoka wapi. Anayeweza kuitetea alete hoja hapa, na aanzie Santiago de Cuba.