Je, klabu ipunguze mikutano ya kila wiki ili ipate nafasi ya kuhudumia jamii?

KatibuMkoani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni katibu wa klabu moja ya Rotary, ule mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea kuhudumia jamii, katika mji wa mkoani hapa Tanzania, na ninaomba mawazo ya wenye uzoefu kabla bodi yetu haijakaa kupanga mwaka mpya wa klabu, ambao kama mjuavyo huanza tarehe 1 Julai.

Tunakutana kila Alhamisi jioni katika ukumbi wa hoteli. Utaratibu ni ule unaofahamika: rais wa klabu anagonga kengele, tunaimba wimbo wa taifa, tunasoma kwa pamoja yale maswali manne (je, ni kweli, ni haki kwa wote wanaohusika, kitajenga nia njema na urafiki, kitawanufaisha wote), wageni wanatambulishwa, mgeni msemaji anazungumza, kisha tunakula. Taarifa ya kamati ya huduma kwa jamii huachwa hadi mwisho kabisa, wakati wengi wameshashika funguo za magari, na mara nyingi mwenyekiti wa kamati hiyo husema tu kwamba kazi inaendelea. Mahudhurio yanazidi kushuka. Vijana wanasema ada ya klabu pamoja na chakula cha hoteli cha kila wiki vinawalemea, na kwamba fedha hiyo ingenunua madawati. Wazee nao wanasema klabu isiyokutana kila wiki hubaki orodha ya majina tu.

Tangu mwaka 2016 kanuni za Rotary zimeziruhusu klabu kujipangia ratiba, mradi zikutane walau mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo wanaotaka kupunguza hawavunji kanuni yoyote. Hata hivyo nisingependa tupunguze mikutano kwa sababu ya uchovu, halafu huduma nayo ififie. Naomba basi mnisaidie katika jambo hili: ni kitu gani kinachofanyika kwenye mkutano wa kila wiki ambacho kikikosekana, kazi ya huduma huko mitaani na vijijini inaharibika? Na kama kipo, kinaweza kufanyika kwa njia nyingine?

MzeeWaPwani alijibu:

Katibu, kijana wangu, umeuliza jambo ambalo klabu nyingi huamua kwa kupiga kura bila kulijadili. Mimi ni mwanachama wa muda mrefu huku Pwani ya Kenya, na msimamo wangu ni kwamba mkutano wa kila wiki ubaki, ila yanayofanyika ndani yake yabadilike.

Wale wanne waliokutana Chicago tarehe 23 Februari 1905, yaani wakili Paul Harris pamoja na Gustavus Loehr, Silvester Schiele na Hiram Shorey, hawakukutana kwa ajili ya huduma. Harris alikulia katika mji mdogo ambako watu walijuana, na katika jiji kubwa aliukosa urafiki wa namna ile, ndipo wakakubaliana kukutana kwa zamu katika ofisi za wanachama, na zamu hizo ndizo zilizoipa Rotary jina lake, neno la Kiingereza lenye maana ya kuzunguka. Huduma ilifuata: mwaka 1907 klabu hiyo iliingia katika harakati za kudai vyoo vya umma katikati ya jiji, kazi iliyohitaji watu waliokwisha kuaminiana, kwa kuwa si kila mfanyabiashara wa Chicago aliipenda. Mhandisi usiyemfahamu vizuri huwezi kumwomba aache shughuli zake Jumamosi nzima akakague tangi la maji la shule, lakini yule mnayeketi meza moja kila wiki utamwomba bila kusita, naye ataona vibaya kukataa.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe, na nitachukua mfano wa maji kwa sababu ndio ninaoufahamu kwa karibu. Pampu ya mkono ya Afridev ilifanyiwa majaribio makubwa hapa kwetu Kwale katika miaka ya 1980, na ilibuniwa makusudi ili wanakijiji waitengeneze wenyewe. Spana moja inatosha kuifungua, na vinavyochakaa haraka ni vitu vidogo kama mpira wa pistoni na bushi za plastiki za mpini, ambavyo havihitaji fundi wa kutoka mjini. Wakati huo wanawake wa vijijini walifundishwa kuifungua, kubadilisha mpira na kutunza fedha za ukarabati, na kazi hiyo waliifanya vizuri. Pampu kama hiyo haihitaji klabu irudi na hotuba na mabango. Inahitaji mtu mmoja anayejua jina la mweka hazina wa kamati ya kijiji, anayempigia simu, na ambaye wiki inayofuata atasimama mbele ya wenzake kueleza alichoambiwa.

Hapo ndipo ninapouona umuhimu wa wiki. Mpira wa pistoni ukichakaa, mpini huanza kuhitaji mapigo mengi kabla maji hayajatoka, na akina mama huliona hilo siku ile ile. Klabu inayokutana kila wiki na kuulizia pampu kwa jina la kijiji italisikia mapema. Ile inayoulizia mara moja baada ya miezi kadhaa itasikia kwamba watu wamerudi mtoni.

Kwa hiyo nashauri taarifa ya huduma isomwe mara tu baada ya wimbo wa taifa, na kila mradi uwe na mtu wake mmoja ambaye jina lake limeandikwa kwenye muhtasari. Kuhusu gharama, chai na mandazi vinatosha kabisa, na mnaotaka chakula cha hoteli mjilipie wenyewe.

NesiWaNyandaZaJuu alijibu:

Mzee wangu shikamoo, na wewe katibu pokea salamu zangu. Mimi si mwanachama wa klabu yoyote, bali ni muuguzi niliyefanya kazi bega kwa bega na watu wa klabu za huduma wakati wa kampeni za chanjo, hivyo nitasema yale tunayoyaona sisi tunaopokea msaada wenu kazini.

Kati ya kazi zote za Rotary, ya polio ndiyo iliyodumu kwa muda mrefu zaidi. Ilianza na watoto wa Ufilipino mwaka 1979, ikawa mpango wa dunia mwaka 1985, na mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine wakaungana nayo, wakati polio ilipokuwa ikipooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena kirusi cha asili cha polio. Halafu Februari 2022 mtoto mmoja akathibitishwa kuwa na polio nchini Malawi, kirusi kikiwa kimetoka nje ya bara, na mwezi uliofuata Tanzania ikachanja watoto katika mikoa inayopakana na nchi hiyo, yaani Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma.

Kazi ya siku hizo ilikuwa ya mlango kwa mlango. Mchanjaji hubeba kasha lenye barafu begani, na kila kichupa cha chanjo kina alama ya duara yenye mraba mdogo ndani yake. Mraba huo huwa mweupe, na chanjo ikipata joto huanza kukolea rangi. Ukifikia rangi ya duara linalouzunguka, kichupa hicho hakitumiki tena. Mtoto akishapewa matone yake, kidole chake kinatiwa wino, kisha mlango wa nyumba unaandikwa kwa chaki. Mtu wa kujitolea tunayemhitaji ni yule aliyeelekezwa mambo hayo mapema, anayejua kutazama ule mraba, na anayefika saa kumi na mbili asubuhi kama alivyoahidi. Anayekuja na fulana mpya kupiga picha na kuondoka saa nne tunamshukuru, lakini nyumba zake zinabaki na tunalazimika kumtafuta mtu mwingine.

Ndiyo maana sikubaliani na mzee kwamba mikutano yote ibaki ukumbini. Mkutano mmoja wa kila mwezi mngeufanyia kliniki siku ya kupima watoto uzito, mkafanya kazi tutakayowapa, kisha mkakaa chini ya mti kwa nusu saa kujadili mliyoyaona. Urafiki anaousema mzee hujengeka hapo pia, pengine zaidi, kwa sababu mtu humfahamu mwenzake anapomwona akimbembeleza mtoto anayelia. Jambo ninaloomba kwa msisitizo ni kwamba siku hiyo isibadilishwe mara kwa mara. Kliniki haiwezi kupanga kazi kwa watu ambao haijui kama watakuja.

KamatiYaMaji alijibu:

Nimesoma yote kwa makini, na naomba nami niseme kwa upande wetu sisi tunaopokea miradi. Ni mjumbe wa kamati ya maji katika kijiji chetu, na kisima chetu kilichimbwa kwa msaada wa klabu ambayo sitaitaja.

Siku ya makabidhiano ilikuwa nzuri. Utepe ulikatwa, ngoma zikapigwa, bamba lenye nembo likafungwa ukutani, nasi tukashukuru kwa moyo wote, kwa sababu maji yale yaliwaondolea mabinti zetu mwendo mrefu wa alfajiri. Baada ya siku hiyo hakuna aliyetupigia simu. Pampu ilipoanza kutoa maji kwa shida, tulihitaji kujua mpira ule unauzwa duka gani na kwa bei gani, jambo dogo ambalo mtu yeyote wa klabu aliye mjini angelijibu kwa dakika moja. Tuliulizana wenyewe kwa wenyewe mpaka tukapata, lakini wakati huo watu walikuwa wakichota maji ya bwawani pamoja na ng'ombe.

Nawaomba katibu na wenzako mkumbuke kwamba mnapobishana kuhusu idadi ya mikutano, mtu wa kijijini hayumo ukumbini. Mtualike. Nauli ya mjumbe mmoja mara moja kila baada ya miezi mitatu si kubwa kuliko sahani chache za hotelini. Mgeni wenu msemaji mara nyingi ni mtaalamu wa benki au wa bima, na sina neno naye, ila mama anayekusanya fedha za ndoo hapa kwetu angewaeleza kwa nini kaya fulani zimeacha kulipa, wakati gani wa mwaka watu hawana fedha, na kwa nini tuliamua wajane wachote bure. Mkishayasikia hayo, hata mradi unaofuata mtaupanga vingine.

MkaziWaKampala alijibu:

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Kampala, ambako klabu ni nyingi na mikutano ya jioni hujaa. Klabu nyingi za Uganda hugawa wanachama katika makundi madogo ya marafiki, na kila kundi hujua nani anaumwa, nani amefiwa na nani hajaonekana kwa muda. Makundi hayo pia hukutana nyumbani kwa wanachama, ambako gharama ni ndogo na kijana aliyeanza kazi juzi haoni aibu. Katibu, kushuka kwa mahudhurio yenu huenda hakutokani na wingi wa mikutano. Mwanachama mpya akikosekana wiki tatu bila mtu yeyote kumuulizia, wiki ya nne harudi.

KatibuMkoani alijibu:

Nawashukuru wote kwa dhati. Maneno ya ndugu wa kamati ya maji yamenigusa zaidi, na nimeyasoma mbele ya rais wa klabu yetu.

Pendekezo nitakalolipeleka kwenye bodi ni kwamba tuendelee kukutana kila wiki, lakini Alhamisi ya kwanza na ya tatu tuwe ukumbini kwa chai tu, taarifa ya huduma ikitangulia kama alivyoshauri mzee. Ya pili tuwe kwenye kituo cha afya au kwenye mradi, kwa saa zitakazopangwa na wenyeji wetu. Na ya nne tukutane kwa makundi madogo majumbani. Wajumbe wa vijiji vyenye miradi yetu tutawalipia nauli waje kwa zamu kuzungumza nasi. Vilevile nitaandaa daftari la miradi yote ya nyuma, likiwa na jina la mwanachama anayehusika na namba ya simu ya kamati ya kijiji, kwani nimegundua kuwa ipo miradi ambayo walioisimamia wameshahama mji.

Mzee, bado nina shaka moja. Miradi mikubwa inayoombewa ruzuku ya kimataifa ya Taasisi ya Rotary, yaani mfuko wa hisani wa Rotary, huanzia bajeti ya dola 30,000, na baadhi ya wanachama wanasema fedha kama hiyo ndiyo itakayoonekana. Je, tuiombe mwaka huu, au tukarabati kwanza ya zamani?

MzeeWaPwani alijibu:

Karabatini kwanza, kijana wangu. Ruzuku hiyo inadai mfanye tathmini ya mahitaji pamoja na wanajamii wenyewe kabla ya kuomba, na mweleze mradi utajiendeshaje fedha zikishakwisha. Daftari lako likikamilika na mkatembelea kila kijiji kilichomo, mtakuwa mmeshajifunza sehemu kubwa ya tathmini hiyo, na hao wanavijiji watawaambia ukweli kwa sababu walishawaona mkirudi. Anzeni na kijiji ambacho mwanachama wake amehama, na mtu mpya wa kukifuatilia ateuliwe kwenye mkutano wa Alhamisi hii, jina lake liingie kwenye muhtasari.