Tupeane uzoefu: mliopata ukaazi wa kudumu kwa taaluma zenu, nini kiliwakwamisha na nini kiliwatoa?

FundiUmeme_Tabata

Wakuu, habari za majukumu. Maswali ya PR (ukaazi wa kudumu) ya Kanada kwa njia ya Express Entry, ule mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye taaluma kwa pointi, yanajirudia kila wiki, na wanaojibu wengi hata pasipoti hawana. Nimeona tufungue uzi wa waliopitia wenyewe. Waliokataliwa nao waje, tena hao ndio wenye la maana zaidi. Nchi yoyote. Naanza mimi.

Mimi ni mhandisi wa umeme, digrii moja. Nilijihesabia pointi nikiwa na miaka 34: 408. Kwa wasiojua, alama kamili ni 1,200, na kila baada ya muda wanatangaza kiwango cha kualikwa. Wakati ule kilikuwa kinacheza kwenye 470. Nikakata tamaa, nikafunga kompyuta.

Mke wangu ni mhasibu mwenye digrii ya uzamili, na alikuwa na miaka 29. Siku moja akauliza, "Kwani lazima mwombaji mkuu awe wewe?" Nikacheka. Kisha nikajaza upya, yeye mbele, mimi nyuma. Tukapata 470. Ndoa ileile, watu walewale, tofauti pointi 62.

Sababu ni hizi. Ukiwa na mwenza, umri wa miaka 20 hadi 29 unakupa 100, na kuanzia 30 hadi 40 zinapungua tano kila mwaka. Mimi kwa miaka 34 nilibaki na 75. Uzamili wake nao ulikuwa na uzito kuliko digrii yangu. Wanaume wenzangu, kile kikokotoo hakijui nani kichwa cha nyumba. Jazeni mara mbili.

Ila hiyo 470 haikuja kirahisi. Mtihani wa kwanza wa Kiingereza, IELTS, mke wangu alipata 7.5 kwenye kusikiliza, kwingine kote 7 na zaidi. Tukasherehekea, hadi kuku tulichinja. Kumbe kusikiliza inatakiwa 8 ili ufike daraja la tisa kwenye vipimo vya lugha vya Kanada. Ile nusu ilitugharimu pointi 57, maana ukikosa daraja la tisa kwenye kipengele kimoja tu, pointi za elimu na za uzoefu wa kazi zinazopandana na lugha zinakatwa nusu. Tulikuwa na 413. Akarudia mtihani, akapata 8.5.

Kilichotutesa kuliko vyote ni bahasha. WES, wanaotathmini vyeti, wanataka transkripti itoke chuoni moja kwa moja, imefungwa na kugongwa muhuri. Kwenye chuo changu (sikitaji) nilikwenda mara sita. Leo mwenye muhuri yuko semina, kesho bahasha zimeisha. Nikanunua bahasha mwenyewe, nikaambiwa si za ofisi. Miezi minne.

Tukaingia kapuni, yaani kwenye orodha ya wanaosubiri kualikwa, mwaka 2020. Mke wangu alikuwa anafikisha 30 Januari 2021, yaani tungeshuka hadi 465. Tarehe 23 Desemba 2020 kiwango kikatua 468. Tukaalikwa kwa tofauti ya pointi mbili. Baada ya hapo wale wa nje ya Kanada waliokuwa kundi letu walikaa bila mwaliko hadi Julai 2022, kwa sababu ya korona na mafaili kurundikana. Mwaka mmoja na nusu! Kuna jamaa zangu wawili walikuwa na 465 na 466. Hadi leo wako Dar.

Tulitua Calgary Machi 2022 baada ya kurudia vipimo vya afya, maana vya kwanza muda wake ulikwisha tukisubiri. Mama mkwe hadi leo akipiga simu anaanza na, "Yule mtegemezi hajambo?"

Nawasilisha. Karibuni.

Omosh254

Boss, hiyo ya bahasha imenikumbusha mbali, lakini yangu ni tofauti kabisa. Mimi ni wale walioitwa kiwango kiliposhuka hadi 75.

Nilikuja Ontario kusoma chuo cha miaka miwili, nikamaliza, nikapata kazi ya uhasibu kwa kampuni ndogo. Baada ya mwaka mmoja kazini nikaweka profaili: 417. Watu wa kundi letu, wenye uzoefu wa kazi ndani ya Kanada, walikuwa wanaitwa kwa 454 hivi. Nilikuwa karibu niifute nisione aibu.

Jumamosi moja, 13 Februari 2021, niko kwa foleni ya supamaketi, simu ikalia. Ujumbe wa rafiki: "Angalia akaunti yako SAI HII." Walikuwa wameshusha kiwango hadi 75 na kualika watu 27,332 kwa mpigo, kwa sababu mipaka ilikuwa imefungwa na walitaka wale walio ndani tayari. Haijawahi kurudiwa.

Sasa sikia. Ukialikwa una siku 60 za kuleta kila kitu. Wengi walikuwa hawana hata cheti cha tabia njema kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa nacho kwa sababu ya uoga wangu tu. Rafiki yangu mmoja alama za Kiingereza zilikuwa zimepitisha miaka miwili, kwa hiyo hata kapuni hakuwepo. Alikuwa anangoja "kiwango kishuke kwanza". Kiliposhuka, hakuwa na kitu mkononi.

MtuWaBukavu

Jambo wote. Mimi ni Mkongomani, nimeishi Nairobi miaka mingi, fundi wa mitandao ya kompyuta. Niliogopa kusema kwa sababu pointi zangu zinachekesha: 359. Miaka 39, sina mke, Kiingereza changu cha kuokoteza.

Lakini Kifaransa nimekisoma tangu darasa la kwanza. Tangu 2023 Kanada inachagua pia kwa makundi: watu wa afya, mafundi wa ujenzi, na wanaojua Kifaransa. Nikafanya mtihani wa TEF, nikapata daraja la nane pote, wao wanataka la saba. Tarehe 29 Februari 2024 wakaita watu 2,500 wa Kifaransa kwa kiwango cha 336. Nikapita.

Ndugu zangu Waswahili wa Kongo, Burundi na Rwanda, tunakaa tunalia kuhusu Kiingereza wakati tumekalia mali. Binamu yangu yuko Lubumbashi, daktari, amelipa wakala dola nyingi amtafutie "kazi Kanada" na hajawahi kuambiwa neno TEF.

Nesi_wa_Ziwani

Mimi nilikataliwa. Nitaeleza kifupi kwa sababu bado inauma.

Barua ya mwajiri. Inatakiwa ioneshe cheo, majukumu yako, saa kwa wiki, mshahara, tarehe za kuanza na kumaliza. Mwajiri wangu alinipa ya mistari mitatu: "alikuwa mfanyakazi mwadilifu na mcha Mungu." Nikaomba ibadilishwe, nikaambiwa hiyo ndiyo fomati ya ofisi tangu enzi. Nikaituma hivyohivyo. Miezi saba baadaye jibu likaja kwamba uzoefu wangu haukuthibitishwa. Miaka sita ya zamu za usiku, mbele yao ni kama sikufanya kazi.

Ofisi ikigoma, ambatanisha mkataba, hati za mshahara, na maelezo yenye kiapo kutoka kwa mkuu wako wa wodi. Mimi hilo nimelijua nimeshachelewa. Naanza upya mwezi ujao.

FundiUmeme_Tabata

Pole sana dada yangu. Ukikwama kwenye hayo maelezo ya kiapo nicheki faragha, nina nakala ya tuliyoandika sisi.

Kimara_Berlin

Huku Ujerumani hakuna bahati nasibu ya viwango. Mimi ni mtengeneza programu. Unakuja na mkataba wa kazi wenye mshahara uliotajwa kisheria, unapewa Blue Card, kibali cha kuishi na kufanya kazi cha wataalamu. Ukifanya kazi miezi 21 huku unachangia pensheni, na ukawa na Kijerumani cha B1 (ngazi ya kati), unaomba ukaazi wa kudumu. Ukiwa na A1 tu (ngazi ya mwanzo kabisa), ni miezi 27.

Kazi iko kwenye B1. Ofisini tunaongea Kiingereza kutwa, ukitoka umechoka, darasa la jioni unasinzia. Mwezi wa 21 ulinikuta na A2. Niliongeza karibu nusu mwaka kwa uvivu wangu, sina wa kumlaumu.

Na wabongo wenzangu, PR haikunyang'anyi uraia. Uraia wa nchi nyingine ndio unaokunyang'anya, maana uraia pacha sisi hatuna. Wakenya wanao tangu katiba ya 2010, ndiyo maana Omosh hapo juu hana mawazo.

Omosh254

😂 Mawazo ninayo, ni ya kodi ya nyumba tu.

Mwl_Kahama

Wakuu nimesoma yote. Nina miaka 38, mwalimu wa hisabati sekondari, digrii moja, sijaoa. Mnipe ukweli, nijaribu au nimeshachelewa?

FundiUmeme_Tabata

Mwalimu, bila mwenza umri wako sasa ni pointi 61. Ukifika 40 ni 50, na 41 zinaanguka hadi 39. Kwa hiyo usikae. Mwaka 2025 waliongeza kundi la elimu na walimu wa sekondari wamo, lakini usiweke mayai yote humo. Kwanza IELTS, na ile 8 ya kusikiliza uilale nayo. Bahasha ya chuo ianze wiki hiihii.

MtuWaBukavu

Na Kifaransa. Atakayekuahidi daraja la saba kwa miezi mitatu ni tapeli, lakini miaka miwili ya kukazana inawezekana.

Mwl_Kahama

Huku Kahama Kifaransa namjua padri mmoja tu anayekizungumza.

MtuWaBukavu

Basi anza na padri.

Mwl_Kahama

Nimetoka kwake sasa hivi. Amekubali, Jumanne na Alhamisi jioni. Ila kwanza ameniuliza mbona sionekani misani.