Naomba ushauri: sanamu za chini ya bahari kwa asiyejua kuogelea

Ndugu wanajamvi, mwezi ujao mimi na mke wangu tunatarajia kufika Grenada, nchi ya visiwa katika bahari ya Karibiani, na hamu yetu kubwa ni kuziona sanamu ambazo mchongaji Jason deCaires Taylor alianza kuzizamisha katika ghuba ya Molinere mwaka 2006, hasa lile duara la watoto walioshikana mikono, ambao miili yao ya saruji sasa imeota matumbawe na sifongo. Mimi naogelea, mwenzangu, maji yakimfika kifuani tu, hushikwa na hofu. Kwa mliokwisha kufika, je, ni afadhali tupande mashua yenye sakafu ya kioo, ambayo nahofia itatuonyesha vivuli tu bahari ikichafuka, au avae jaketi la kuokolea na mrija wa kupumulia, tuelee pamoja taratibu?