Lauderdale aliitetea Uskoti au aliikatia njia ya kumfikia mfalme?

Mleta mada:
Wakuu, John Maitland, Duke wa Lauderdale, bado anawagawa wanaosoma historia ya Uskoti. Alikuwa Katibu wa Uskoti kuanzia 1660 hadi 1680, chini ya Mfalme Charles wa Pili. Mfalme yuko London. Bunge na Baraza la Uskoti wako Edinburgh, zaidi ya kilomita 600 kaskazini. Tangu arejeshewe kiti mwaka 1660, Charles hakukanyaga tena Uskoti. Habari za nchi ile zilimfikia kwa barua na kwa wajumbe, na Katibu ndiye aliyekaa mlangoni.

Msimamo wangu: Lauderdale aliiumiza nchi yake, na nguvu yake ilikuwa kuamua nani asikike.

Chukueni mwaka 1662. Earl wa Middleton, mwakilishi wa mfalme bungeni Edinburgh, alitaka kummaliza kisiasa. Bunge likaamua watu 12 wafungiwe nafasi za umma, wachaguliwe kwa siri, kila mbunge aandike majina kwenye kikaratasi. Jina la Lauderdale likatoka, na la rafiki yake Sir Robert Moray pia. Middleton akaigusa sheria ile kwa fimbo ya kifalme, maana yake mfalme ameridhia, ilhali mfalme hajaiona hata kwa macho. Ila habari zilimwahi Lauderdale London kabla wajumbe wa Middleton hawajafika. Wanaingia ikulu, mfalme keshaelezwa yote, tena na yule yule waliyetaka kumwangusha. Mwaka 1663 Middleton akavuliwa cheo. Alifia Tangier, akiwa gavana huko. Kuanzia hapo Lauderdale alijua kwamba anayefikisha habari kwanza ndiye anayeshinda, na akahakikisha hakuna mwingine wa kumtangulia.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, Middleton hakuonewa. Ukimtilia mfalme kibali mdomoni bila kumuuliza, unategemea nini? Halafu mbona umeviruka vikosi vya Kiingereza? Tangu enzi za Cromwell, jenerali wa Kiingereza aliyetawala kabla Charles hajarejeshewa kiti, askari wa Kiingereza walikaa kwenye ngome za Uskoti, na London kulikuwa na wakubwa, Clarendon, waziri mkubwa wa mfalme, akiwemo, waliotaka wabaki. Lauderdale alipambana hadi wakaondolewa. Na baada ya uasi wa Pentland wa 1666, wa Wapresbiteri, yaani Waprotestanti wasiotaka kanisa litawaliwe na maaskofu, kuzimwa, upande wake ndio uliotaka jeshi lipunguzwe. Mwaka 1669 baadhi ya wachungaji wa Kipresbiteri waliofukuzwa kwa kuwakataa maaskofu wakaruhusiwa kurudi parokiani. Huyo ndiye mharibifu?

Mchangiaji wa pili:
Ninyi wote mnamsamehe Charles. Bunge la Uingereza lilimwomba zaidi ya mara moja amwondoe Lauderdale karibu naye, akakataa. Kwa nini? Mwaka huo huo wa 1669 Lauderdale alimwandikia kwamba hajawahi kuwapo mfalme mwenye mamlaka kamili kama aliyo nayo yeye katika Uskoti. Mfalme gani angemfukuza mtumishi wa namna hiyo? Na jambo lenyewe lina mizizi. James wa Sita, babu yake Charles, mfalme wa Uskoti aliyerithi pia Uingereza, alijisifu mbele ya Bunge la Uingereza mwaka 1607 kwamba anakaa London na kuitawala Uskoti kwa kalamu. Lauderdale aliikuta kalamu mezani.

Mleta mada:
Ndugu wa kwanza, hoja ya vikosi naikubali kabisa, ni sifa yake. Lakini usiishie 1669, njoo 1678.

Wenye ardhi wa kusini-magharibi walitakiwa kutia saini dhamana kwamba wapangaji wao hawatahudhuria ibada za siri za Wapresbiteri mashambani. Wengi walikataa, maana nani awezaye kumdhamini kila mtu anayelima shamba lake? Serikali ya Lauderdale ikashusha maelfu ya wanaume kutoka milimani, wakalala na kula bure majumbani mwa watu, Ayrshire hasa. Waliporudi kwao walibeba vyungu, matandiko, viatu na nguo za wenyeji. Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi ya wizi huo: wakati ule ule ilitolewa amri kwamba asitoke mtu Uskoti bila ruhusa ya Baraza. Baraza lenyewe ni la watu wake. Yaani umeporwa, na wa kukupa ruhusa ya kwenda kushtaki ni aliyemtuma mporaji.

Duke wa Hamilton, mkubwa wa Uskoti aliyempinga Lauderdale, na wenzake waliondoka bila ruhusa kwenda kushtaki. Walipofika London mfalme alikataa kwanza kuwapokea, kwa kosa la kuvunja amri hiyo hiyo. Juni ya mwaka uliofuata watu wa kusini-magharibi walikuwa na silaha mkononi kwenye Daraja la Bothwell, wakipigana na jeshi la mfalme.

Ndugu wa pili, kalamu ilikuwepo zamani, kweli, na Charles ana lawama yake. Ila amri ya kuwafungia watu wasisafiri kulalamika haikutoka kwa James wa 1607. Nionyesheni aliyefaidika nayo kuliko Lauderdale.